Sura ya Nne: Mlima Haulipi Ada

Kijana akijitambulisha chuoni Dar es Salaam au Dodoma kuwa kwao ni Marangu, Kibosho au Rombo, wenzake humhesabu mara moja miongoni mwa watoto wenye nazo. Wachagga, watu husema, wamesoma tangu enzi za Mjerumani, wana maduka nchi nzima, na ada kwao si habari. Dhana hiyo imeenea kiasi kwamba kijana mwenyewe wakati mwingine huona aibu kusema kuwa nyumbani wanaishi kwa mikungu ya ndizi ambayo mama yake hubeba kichwani hadi sokoni Mwika, na kwamba hajui fedha ya muhula ujao itatoka wapi.

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Uru au Kirua, utaona kwa macho kwa nini dhana hiyo haisimami. Vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye makazi, vimegawanywa kwa wana wa kiume kizazi baada ya kizazi, hadi familia nyingi zimebaki na ekari moja au pungufu. Ndani ya eneo hilo kuna nyumba, makaburi ya mababu, migomba, ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa zizini, na mibuni michache ambayo mingine ni mizee kuliko mwenye shamba. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na wakulima wengi wakang'oa mibuni wakapanda mahindi, maharage na nyanya. Kahawa bado inanadiwa Moshi, na Bodi ya Kahawa ina makao yake hapo hapo mjini, lakini kwa kaya nyingi za mlimani malipo ya msimu hayatoshi tena kumfikisha mtoto chuo kikuu.

Kwa hiyo swali la sura hii ni rahisi kuuliza na gumu kujibu. Mtoto wa kihamba cha ekari moja anafikaje chuo kikuu, na nani anamlipia? Shule zipo, na watoto wa mlimani wanafaulu. Kinachowatenganisha wanaofika na wanaoishia njiani, mara nyingi, ni kama nyumbani au jirani yupo mtu anayejua karatasi ipi inatakiwa, lini, na ipelekwe kwa nani. Familia yenye mhitimu mmoja hujua. Familia isiyo naye huuliza dirisha la maombi likiwa limekwisha kufungwa.

Palikuwa na wakati ambapo mlima ulikuwa na jibu la pamoja. Mwaka 1925, wakati Charles Dundas akiwa mkuu wa wilaya, wakulima Waafrika wa kahawa walianzisha chama chao, na Joseph Merinyo akawa mmoja wa viongozi wake wa mwanzo. Mwaka 1933 chama hicho kilirithiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jengo lake bado linasimama katikati ya mji wa Moshi. Kahawa ilipopata bei nzuri miaka ya 1950, sehemu ya fedha yake ilijenga madarasa, ikalipa walimu na kuwasomesha vijana nje. Elimu ya juu ya mtoto wa mkulima ikawa ni jambo la ushirika. Mzazi hakuhitaji kuwa tajiri. Alihitaji kuwa mwanachama katika jamii iliyokuwa imeamua kwamba baadhi ya watoto wake lazima wafike Makerere au Uingereza.

Makanisa nayo yalikuwa yametangulia. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema karibu na mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Shule zao zilizaa walimu, na watoto wa walimu hao wakawa wa kwanza kwenda mbali zaidi. Solomon Eliufoo wa Machame alisoma Makerere, kisha Marekani na Uingereza; mwaka 1960 Wachagga wakamchagua kuwa rais wao, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu wa Tanganyika. Lucy Lameck, binti wa Moshi aliyeanza kama muuguzi, alipita Ruskin College, Oxford, akaendelea Western Michigan University huko Marekani, na akarudi kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza bungeni na kisha naibu waziri.

Mfano wa Lameck unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hakupita njia iliyonyooka. Hakutoka kidato cha sita kwenda chuo kikuu. Alisomea uuguzi, akafanya kazi, akaingia siasa za TANU, chama kilichopigania uhuru, na ndipo akaenda Ruskin, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wazima waliokosa nafasi ya kusoma wakiwa vijana. Wazazi wengi wa leo mlimani wangeiita njia hiyo kuchelewa. Lakini ndiyo njia ambayo wasichana wengi wa kihamba watalazimika kuipita hata sasa, na hakuna sababu ya kuionea haya.

Enzi hizo zilikuwa pia na ukuta wa rangi, na usisahaulike. Chini ya Waingereza, shule za Wazungu, Waasia na Waafrika ziliendeshwa mbalimbali, na fedha zilizotumika kwa mtoto mmoja wa Kizungu hazikulingana hata kidogo na za mtoto wa Kiafrika. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta mgawanyo huo mwaka 1962. Kisha likaja swali la pili, gumu zaidi: nchi ikiwa na nafasi chache, na mikoa mingine ikiwa haijapata shule hata ya kati, je, ni haki watoto wa Kilimanjaro wazijaze kwa sababu tu walitangulia?

Nchi ilijibu kuwa si haki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za misheni. Assumpta ikawa Weruweru, na Umbwe ya mapadre ikawa ya serikali. Miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mafungu ya mikoa. Mtoto wa Kilimanjaro aliyepata alama ambazo zingempeleka sekondari katika mkoa mwingine angeweza kubaki nyumbani, kwa sababu fungu la mkoa wake lilikuwa limejaa. Wamarekani walibishana juu ya jambo linalofanana na hilo kwa miongo mingi, wao wakipima rangi badala ya mkoa, hadi tarehe 29 Juni 2023 Mahakama yao ya Juu ilipovizuia vyuo vikuu kutumia rangi ya mwombaji katika udahili.

Inafaa kusemwa wazi kuwa hoja ya mafungu ilikuwa na haki ndani yake. Mtoto wa Lindi au Kigoma hakuwa na akili pungufu. Alikuwa na shule pungufu. Taifa lililosoma upande mmoja tu lisingedumu kwa amani. Hata hivyo mafungu yaliuona mkoa na hayakuiona kaya. Mtoto wa mfanyabiashara wa Moshi mjini na mtoto wa mjane wa Mamba waliwekwa katika kapu moja la mkoa ulioendelea, na aliyeumia zaidi alikuwa yule asiye na njia nyingine.

Wazazi walijibu kwa kujenga. Dayosisi, majimbo ya Katoliki, Jumuiya ya Wazazi na vijiji vyenyewe vilichangishana fedha, na kufikia miaka ya 1980 Kilimanjaro ilikuwa inaongoza nchini kwa shule za sekondari za binafsi. Watu walitoa mawe, mchanga na siku zao za kazi. Ndugu walioko Dar es Salaam walitumiwa barua, na wakati wa Krismasi, wakirudi nyumbani na magari yao, kiasi cha mchango kilitajwa mbele ya kanisa zima. Juhudi hizo zilikuwa kubwa, na zilibadilisha maisha ya maelfu. Lakini pia zilizoesha mlima kuona elimu kama jambo la fedha za ukoo, na ukoo usio na mtu mjini ukaachwa nyuma.

Kwa upande wa vyuo vikuu, Serikali ililipa kila kitu kwa muda mrefu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, kijana alipaswa kwanza kufanya kazi na kupendekezwa kabla ya kuingia, lakini akishaingia hakudaiwa ada. Uchumi ulipoyumba, uchangiaji ukaanza rasmi mwaka 1992, na mzigo ukarudi hatua kwa hatua kwenye meza ya mzazi. Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Tangu hapo, kwa mtoto wa kihamba, njia kuu ya kufika chuo kikuu ni mkopo.

Hapo ndipo karatasi zinapoanza.

Msimu wake hufika katikati ya mwaka, mtihani wa kidato cha sita ukiwa umekwisha. Moshi mjini, kwenye maduka ya stesheneri yenye kompyuta mbili au tatu na mashine ya fotokopi, foleni hutoka mlangoni asubuhi. Wanaosubiri ni vijana wenye bahasha za kaki, wengi wakiwa na mama zao. Mwenye duka hujaza taarifa, huuliza bila kuinua macho: namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya kidato cha sita, namba ya NIDA ya mdhamini, picha ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa.

Kisha huja swali linaloangusha wengi. "Mama, jina la baba limeandikwaje?" Mama hulitamka. Kijana hufungua bahasha na kutoa cheti cha kidato cha nne, ambacho kina Massawe yenye s mbili, na cheti cha kuzaliwa, ambacho kina Masawe yenye s moja. Kwa mwingine ni Mushi na Moshi. Kwa mwingine jina la ubatizo limekuwa la kwanza kwenye cheti kimoja na la pili kwenye kingine. Mlimani, ambako padre aliandika jina alivyolisikia na karani wa wilaya akaliandika alivyojua yeye, tofauti hizi ni za kawaida kabisa, na hakuna aliyezihesabu kuwa tatizo hadi siku hiyo. Mfumo wa Bodi hautambui ukoo kwa masikio. Hulinganisha herufi.

Dawa ipo, lakini inataka muda. Makosa ya jina hurekebishwa kwa hati ya kiapo au hati ya jina mbele ya wakili, au kwa kusahihisha cheti chenyewe RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, vyote huhakikiwa na RITA kabla ya maombi kutumwa. Kijana anayeyajua haya akiwa kidato cha tatu huyamaliza likizo ya Desemba bila presha. Anayeyagundua mbele ya kompyuta, dirisha likiwa na siku tano zilizobaki, hukimbizana na ofisi zenye watu mia kama yeye. Mwalimu wa darasa yeyote anaweza kuwaokoa wanafunzi wake kwa zoezi la saa moja: kila mmoja alete vyeti vyake, visomwe pamoja, herufi kwa herufi.

Maombi yenyewe huanza kwa ada ya shilingi 30,000, inayolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali. Fomu ikishajazwa huchapwa, husainiwa na mwombaji na mdhamini, hupigwa muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, huthibitishwa na wakili au hakimu, kisha kurasa hizo hupakiwa tena kwenye mfumo. Kila muhuri una safari yake. Mwenyekiti wa kijiji yuko shambani, Mtendaji ameitwa wilayani, wakili yuko mjini na nauli ya kutoka Rombo si ndogo. Mzazi anayeijua njia humpigia Mwenyekiti simu siku moja kabla: "Mwenyekiti, shikamoo, mtoto anakuja kesho na fomu, naomba utusubiri." Mzazi asiyeijua humtuma mtoto mara tatu.

Bado kuna jambo la Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Wahitimu wengi wa kidato cha sita huitwa kambini kwa mujibu wa sheria katika miezi hiyo hiyo, na huko simu na kompyuta si vitu vya kushika kila saa. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakitembelea kambi kutoa maelezo, na hilo ni jambo jema. Lakini vyeti viko nyumbani, mdhamini yuko nyumbani, na muhuri wa kijiji uko nyumbani. Kwa hiyo anayekwenda kambini aondoke akiwa amemwachia mtu mmoja anayeaminika bahasha kamili: nakala za vyeti vilivyohakikiwa, picha, kitambulisho cha mdhamini, na namba zote zimeandikwa kwa mkono mzuri.

Bodi humpima mwombaji kwa uhitaji wake. Yatima, mwenye ulemavu, au mtoto wa kaya iliyo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini hupewa uzito, mradi ushahidi uwepo: cheti cha kifo, fomu ya daktari, namba ya kaya. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili huambatanisha barua ya mfadhili. Kipengele hiki kina maana kubwa mlimani kuliko mahali pengi. Mama muuza ndizi aliyeweka mtoto katika sekondari ya kanisa, ada ikalipwa na mjomba, parokia au mzungu aliyepita hospitali ya KCMC, anaweza kuonekana kwenye karatasi kama mzazi mwenye uwezo wa kulipa shule binafsi. Barua moja ya mfadhili, yenye tarehe na sahihi, hurekebisha picha hiyo. Iombwe mapema, mfadhili akiwa bado anapatikana.

Bodi hugawa mkopo kwa asilimia ya uhitaji, na mwanafunzi huweza kupata sehemu tu ya ada au posho. Kiwango cha juu cha chakula na malazi kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka mingi, kisha kikapandishwa hadi 10,000. Wanafunzi huiita boom, na huja kwa mafungu ya siku 60; ndiyo maana kizazi kilichopita kilizoea 510,000 na cha sasa kinazungumzia 600,000. Kuna pia fedha za vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Bajeti yote ya mikopo kwa mwaka 2024/25 ilifika shilingi bilioni 787, kiasi ambacho KNCU katika enzi zake bora isingekiota.

Mzazi hana budi kufanya hesabu ya kurejesha kabla mtoto hajasaini, kwa kuwa mkopo ni deni. Chukua shahada ya miaka mitatu katika chuo cha umma: ada tuseme 1,200,000 kwa mwaka, posho 2,400,000, vitabu 200,000. Kwa mwenye mkopo kamili hiyo ni 3,800,000 kwa mwaka na 11,400,000 kwa miaka mitatu. Akiajiriwa, mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Kwa mshahara wa 800,000 makato ni 120,000, na deni litamchukua karibu miaka minane. Aliyejiajiri hulipa asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi, kwa kutazama kilicho kikubwa. Nafuu kubwa ilipatikana mwaka 2021, pale tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na faini ya asilimia 10 vilipofutwa. Kabla ya hapo walikuwepo wahitimu waliolipa miaka na miaka huku deni likikataa kupungua.

Hesabu hiyo haipaswi kumtisha mtu. Elfu mia moja au mia na ishirini kwa mwezi, kwa mtu aliye na kazi, ni mzigo unaobebeka kuliko kuuza kipande cha kihamba, na kihamba kikiuzwa hakirudi. Wazee wa mlimani wanalijua hilo kuliko yeyote. Pale panapohitajika kuchagua kati ya kuuza ardhi na kukopa Bodi, ushauri wa kitabu hiki ni kukopa Bodi.

Udahili nao una mambo yake. Tume ya Vyuo Vikuu ilikuwa ikiwapangia waombaji vyuo kwa mfumo wa pamoja ulioanza mwaka 2010. Tangu 2017 kila mmoja huomba moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka. Kigezo cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya alama 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kila shahada huongeza masharti yake juu ya hapo. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe kimoja, na asipothibitisha nafasi humponyoka, na mkopo pamoja nayo, kwa kuwa Bodi humpangia aliyedahiliwa. Tatizo la kawaida hapa ni simu. Kijana ameombea kwa namba ya kaka yake, kaka amebadilisha laini, na ujumbe umeingia kwenye simu isiyowashwa.

Kwa mtoto wa Moshi kuna faida moja ambayo wengi huipita wakikimbilia Dar es Salaam: vyuo viko nyumbani. Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014, kinafundisha uhasibu, biashara, sheria na maendeleo ya ushirika. KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo chake cha tiba tangu 1997. Chuo Kikuu cha Mwenge kinaandaa walimu. Chuo cha Mweka, juu kidogo ya mji, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963 na kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mwanafunzi wa Uru anayesoma Ushirika anaweza kurudi nyumbani jioni, akala kwao, na posho yake ikabaki kwa ajili ya kujaziliza ada. Tofauti hiyo, kwa miaka mitatu, ni fedha nyingi. Udaktari ni habari nyingine: katika chuo binafsi ada yake ni ya mamilioni kwa mwaka, mkopo wa ada una kikomo, na pengo lazima lijulikane kabla ya kuthibitisha nafasi.

Walio na matokeo ya juu kabisa katika masomo ya sayansi wana mlango mwingine tangu 2022/23, ufadhili unaoitwa Samia Scholarship, ambao haurejeshwi. Orodha ya wanaostahili hutokana na matokeo yenyewe, lakini bado mwanafunzi huomba ndani ya muda uliotajwa. Kuna vijana waliofaulu kwa kiwango hicho wakajaza fomu ya mkopo wa kawaida kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Na wale ambao alama hazikutosha? Mlimani, aliyekosa chuo kikuu huonekana amefeli, naye hupelekwa dukani kwa mjomba Kariakoo. Lakini ipo njia ya astashahada na stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Mwenye stashahada ya GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada, na tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Moshi na kozi ya msingi kwa aliyepungukiwa. Mtu mwenye miaka 28 na kazi ya mchana anaweza kusoma huko. Mkopo wa Bodi una kikomo cha umri wa miaka 35, na mwombaji awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, kwa hiyo anayezunguka asizunguke bila kuhesabu.

Ng'ambo bado inavuta. Shule ya kimataifa ya Moshi, iliyoanzishwa mwaka 1969 kuelekea ujio wa KCMC, iliingia mwaka 2019 katika mtandao wa shule za kimataifa wa UWC, na wahitimu wa mtandao huo wanaodahiliwa na vyuo vingi vya Marekani hupata ufadhili wa Davis kulingana na uhitaji. Watanzania huchaguliwa kwa mchujo wa kitaifa, si kwa uwezo wa kulipa pekee. Kwa wengine wote, jambo la kukumbuka ni kwamba bei inayotajwa na chuo cha Marekani mara nyingi siyo bei atakayolipa mtoto maskini. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humdahili mgeni bila kutazama mfuko wake, kisha humfidia pengo lote. Nafasi ni chache mno. Anayetaka kujaribu aanze kidato cha tano, na aombe Tanzania pia mwaka huo huo. Atakayemwomba fedha ili amhakikishie udahili huko ni tapeli.

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, na hali ya kila ombi huonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi aliyojifungulia mwenyewe. Nenosiri lake alijue yeye, si mwenye stesheneri. Asiyeridhika hukata rufaa dirisha la rufaa linapofunguliwa, na hapo kinachosaidia ni karatasi mpya: barua ya mfadhili iliyokosekana, cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, fomu ya daktari. Malalamiko yasiyo na kiambatisho hayabadilishi chochote.

Halafu kuna wiki za kwanza chuoni, ambazo wazazi wengi hawazijui. Fedha hazimsubiri mwanafunzi getini. Chuo humsajili, hutuma taarifa zake, na posho huweza kuchelewa, kwa hiyo anahitaji nauli, godoro na chakula cha mwezi mmoja kutoka nyumbani hata kama amepewa asilimia mia. Mchango wa ukoo, badala ya kumalizwa kwenye sherehe ya kumuaga, uwekwe kwa ajili ya mwezi huo. Fedha zikifika, tangazo hubandikwa, na kila mwanafunzi huenda kwa afisa mikopo wa chuo chake kusaini. Aende mwenyewe, na kitambulisho, ndani ya siku zilizotajwa, maana fedha zisizosainiwa hurudishwa Bodi.

Mwaka wa pili mkopo hautegemei tena kijiji wala wakili. Unategemea kufaulu mitihani na chuo kutuma matokeo kwa wakati. Mwenye somo la kurudia aende kwa afisa mikopo kabla ya likizo ndefu aulize hali yake, na aondoke Moshi au Dar es Salaam akiwa ameshajibiwa.